Fosfeti ipo ardhini, mahindi hayaipati: Kitendawili cha vipimo vya udongo Kemambo

MFUKO mmoja wa mbolea ya kupandia aina ya DAP wenye uzito wa kilo 50 una takribani kilo 10 za fosforasi, kirutubisho ambacho kikikosekana mahindi hudumaa, majani hugeuka rangi ya zambarau na mizizi hushindwa kutanda.

Kwa mkulima wa Kata ya Kemambo, wilayani Tarime mkoani Mara, swali la iwapo shamba lake linahitaji mfuko huo, mifuko miwili au halihitaji kabisa, si la wataalamu peke yao. Ni swali linalogusa ada ya mtoto, dawa ya ng'ombe na debe la mwisho la mahindi lililobaki ghalani.

Jibu lake hutafutwa maabara. Mkulima, au bwana shamba kwa niaba yake, hupeleka udongo, na baada ya siku kadhaa hurudishiwa karatasi yenye safu ya tarakimu. Katika safu ya fosforasi huandikwa, kwa mfano, miligramu saba kwa kila kilo moja ya udongo. Wengi huisoma namba hiyo kama wanavyosoma mizani ya dukani, wakiamini kuwa ndicho kiasi cha fosforasi kilichomo shambani.

Sivyo. Namba hiyo haielezi kiasi kilichomo shambani, wala si kiasi ambacho mahindi yatakula. Ni kiasi kilichotolewa na kimiminika fulani, kwa muda fulani, katika chupa iliyotikiswa. Kimiminika kikibadilishwa, namba nayo hubadilika, ingawa udongo ni ule ule.

Kemambo ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa makini. Wakazi wake, wengi wao Wakurya, ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Upande mmoja kuna miinuko yenye udongo mwekundu, na upande mwingine ardhi inashuka kuelekea Mto Mara, ambao katika sehemu hiyo unapita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, na huko chini hukutwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Jirani kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Ardhi ya kulima haiongezeki, hivyo kila ekari inatakiwa itoe zaidi ya ilivyotoa jana.

Fosfeti iliyofungwa

Fosforasi ardhini hupatikana zaidi katika umbo la fosfeti, na mmea huinywa ikiwa imeyeyuka kwenye maji yaliyoshikwa katikati ya chembe za udongo. Tatizo ni kwamba fosfeti haipendi kukaa majini. Katika udongo mwekundu wa nchi za joto, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, kuna oksidi nyingi za chuma na alumini. Kutu hiyo ndiyo inayoupa udongo rangi yake, na ndiyo hiyo hiyo inayoikamata fosfeti na kuishikilia.

Katika udongo wenye chokaa nyingi, mshikaji hubadilika. Huko ni kalsiamu inayoungana na fosfeti na kuifanya iwe ngumu kuyeyuka. Mkulima aliye mlimani na mwenzake aliye bondeni wanaweza wote kukosa mavuno kwa upungufu wa fosforasi, lakini aliyeifunga si mmoja.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Ekari moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20 ambacho jembe la ng'ombe hufikia, ina uzito unaokaribia kilo milioni moja. Fosforasi yote iliyomo, ya kila aina, huweza kuwa mamia ya kilo. Tukichukua kwamba robo ya ujazo wa udongo huo ni maji, na kila lita ya maji hayo ina miligramu 0.05 za fosforasi, kiasi ambacho si cha ajabu katika udongo uliochoka, basi fosforasi yote iliyoyeyuka katika ekari nzima wakati wowote ni kama gramu 10. Ni vijiko viwili vidogo vya chumvi.

Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takribani kilo tatu za fosforasi. Maana yake ni kwamba vijiko vile viwili lazima vijazwe upya kama mara 300 katika msimu mmoja. Kwa hiyo kinachotakiwa kupimwa si kilichomo kwenye maji sasa hivi, wala si mamia ya kilo yaliyofungwa. Ni kile kilicho katikati: sehemu ya fosfeti iliyoshikwa kidogo tu, ambayo udongo uko tayari kuiachia kadiri mizizi inavyokunywa. Sehemu hiyo ndiyo wataalamu huiita fosfeti inayopatikana kwa mimea, na kuipima ndiko kuliko na ugumu.

Pamoja na kunyimwa huko, fosfeti ina sifa moja njema: haipotei hewani kama naitrojeni, wala haishuki upesi na maji ya mvua. Mfugaji yeyote anajua kwamba mahame, pale palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka mingi iliyopita, huota majani mazuri kuliko pembeni. Mwaka 2018 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Fiona Marshall na wenzake uliofanyika katika eneo la Narok, nchini Kenya, ambako Mto Mara hupita kabla ya kuingia Tanzania. Walikuta maeneo yaliyokuwa maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, yangali na rutuba zaidi ya ardhi inayoyazunguka, fosforasi ikiwamo. Samadi ya ng'ombe waliokufa kabla ya kuzaliwa Yesu Kristo bado inalisha majani.

Chupa mbili, majibu mawili

Njia iliyoenea zaidi ya kupima udongo wa tindikali ilibuniwa Marekani mwaka 1945 na Roger Bray na Touby Kurtz wa Chuo Kikuu cha Illinois. Kimiminika chao ni mchanganyiko wa asidi hafifu na floridi ya amonia. Floridi huyavamia madini ya alumini na chuma na kuyalazimisha yaachie sehemu ya fosfeti. Udongo hutikiswa kwa muda mfupi, huchujwa, na maji yanayotoka ndiyo hupimwa.

Mwaka 1954 Sterling Olsen na wenzake wa Idara ya Kilimo ya Marekani walitoa njia nyingine kwa ajili ya udongo wenye chokaa. Wao walitumia baikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi, iliyowekwa kwenye kiwango cha pH 8.5, na udongo hutikiswa kwa nusu saa. Katika udongo wa aina hiyo asidi ya Bray haifai, kwa kuwa chokaa huimaliza nguvu kabla haijafanya kazi, na namba inayotoka huwa ndogo kuliko hali halisi.

Ndiyo maana maabara za Tanzania, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, zimezoea kupima kwanza pH. Ikiwa chini ya saba hutumika njia ya Bray, ikiwa juu ya saba hutumika ya Olsen. Kwa kata kama Kemambo utaratibu huo una maana kubwa, kwani sampuli ya mlimani na ile ya mbugani zinaweza kuangukia njia mbili tofauti.

Baada ya kuchuja, hatua inayofuata ni ile ile kwa njia zote mbili. Maji hutiwa molibdeti ya amonia pamoja na asidi askobiki, yaani vitamini C, na fosfeti iliyomo huyageuza kuwa ya buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo fosfeti ilivyo nyingi, na mashine husoma ukolevu huo kwa mwanga. Utaratibu huo wa rangi ulitolewa mwaka 1962 na Murphy na Riley wa Uingereza, ambao hawakuwa wakishughulika na mashamba bali na fosfeti katika maji ya asili. Watu wa udongo waliuazima na hawajaurudisha.

Namba ikishapatikana, hulinganishwa na viwango. Katika mwongozo ambao umetumika nchini tangu miaka ya 1990, matokeo ya Bray yaliyo chini ya miligramu saba kwa kilo huhesabiwa kuwa ya chini, saba hadi 20 ni ya wastani, na zaidi ya 20 ni ya juu. Kwa njia ya Olsen mipaka ni mitano na 10. Kwa hiyo namba nane ni habari mbili tofauti: kwa Bray iko ukingoni mwa upungufu, kwa Olsen iko katikati ya wastani. Karatasi isiyotaja njia iliyotumika haina thamani, hata ikiwa na mhuri mkubwa namna gani.

Mipaka hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Inatokana na majaribio ya mashambani, ambako mazao hupandwa kwenye vipande vyenye mbolea na visivyo na mbolea, na mavuno hulinganishwa na namba za maabara. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru mkoani Mwanza, kilichoanza miaka ya 1930 kikijishughulisha na pamba, ni miongoni mwa vituo vilivyofanya kazi ya namna hiyo kwa ukanda wa ziwa. Bila majaribio hayo namba ya Bray ni namba tu, sawa na joto la mgonjwa lililopimwa na mtu asiyejua joto la mtu mzima ni ngapi.

Pale Minjingu inapodanganya kipimo

Kuna mtego mmoja unaoihusu Tanzania kuliko nchi nyingi. Karibu na Ziwa Manyara kuna machimbo ya fosfeti ya Minjingu, yaliyogunduliwa mwaka 1956 na kuanza kuchimbwa mwaka 1983. Wanajiolojia wanaeleza kuwa asili yake ni mabaki na vinyesi vya ndege wa majini, hususan minandi, waliokusanyika hapo zamani ziwa lilipokuwa kubwa zaidi.

Mwamba huo uliosagwa ulikuwa sehemu ya mpango wa vocha za ruzuku ulioanza msimu wa 2008/2009, ambapo mkulima aliweza kupata mfuko mmoja wa DAP au, badala yake, mifuko miwili ya Minjingu. Hesabu yake si mbaya. Mfuko wa Minjingu wa kilo 50 una kama kilo sita za fosforasi, hivyo miwili inaukaribia, hata kuuzidi, mmoja wa DAP.

Tofauti ni kwamba fosforasi ya DAP huyeyuka mara moja, wakati ile ya Minjingu inahitaji tindikali ya udongo ili iyeyuke polepole. Katika udongo mwekundu wenye tindikali inaweza kufanya kazi vizuri. Suala hilo limechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa SUA, akiwamo Johnson Semoka, ambaye mwaka 2007 alichapisha pamoja na wenzake kutoka Denmark utafiti uliouliza iwapo Minjingu inaweza kuchukua nafasi ya superfosfeti katika udongo wa tindikali nchini. Katika udongo mweusi wenye chokaa, mwamba huo unaweza kulala miaka bila kuyeyuka, na mkulima akabaki na vumbi alilolinunua.

Sasa chukua shamba lililowekwa Minjingu, kisha udongo wake upimwe kwa njia ya Bray. Ile asidi iliyomo kwenye kimiminika huyeyusha hata chembe za mwamba ambazo mizizi haijazifikia wala haingeweza kuziyeyusha. Maji yanakuwa ya buluu iliyoiva, namba inapanda, na karatasi inasema shamba lina fosforasi ya kutosha. Mahindi yanasema vingine.

Njia ya Olsen nayo hukosea kwa upande wa pili. Kwa kuwa si ya asidi, haigusi mwamba ambao haujayeyuka, hivyo hupunguza mchango ambao ungepatikana baadaye katika msimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa mwaka 2004 kitabu kizima kuhusu matumizi ya miamba ya fosfeti, na humo tatizo hili la vipimo limepewa sura yake.

Suluhisho linalopendekezwa ni kuacha kuilazimisha fosfeti kutoka, na badala yake kuitega. Vipande vya utando wenye uwezo wa kunasa chembe zenye chaji hasi, au karatasi iliyopakwa oksidi ya chuma, huwekwa kwenye maji pamoja na udongo kwa saa kadhaa. Fosfeti inayoachiwa na udongo kwa hiari yake hunaswa hapo, kisha hupimwa. Njia hii inafanana zaidi na kazi ya mzizi, ambao nao hunywa na kusubiri. Ni bora, lakini inachukua muda na haijawa ya kila siku katika maabara zinazopokea mamia ya sampuli.

Ipo nyingine ya kitafiti zaidi, inayotumia fosforasi-32 yenye mionzi. Kiasi kidogo huingizwa kwenye udongo, na watafiti hufuatilia ni kwa kasi gani inabadilishana nafasi na fosfeti ya kawaida. Nusu ya mionzi hiyo huisha kwa siku 14 hivi, kwa hiyo haikai. Lakini ni kazi ya vyuo na taasisi za nyuklia, si ya halmashauri ya wilaya.

Na kuna waliogeuza swali lenyewe. Mwaka 1970 Fox na Kamprath walipendekeza kwamba badala ya kuuliza udongo una fosfeti kiasi gani, iulizwe ni mbolea kiasi gani inatakiwa ili maji ya udongo yafikie miligramu 0.2 za fosforasi kwa lita, kiwango ambacho mazao mengi hayalalamiki. Udongo hupewa dozi tofauti za fosfeti, na kinachobaki majini hupimwa. Kwa udongo mwekundu unaokamata sana, dozi inayohitajika huwa kubwa ya kushangaza.

Hapo ndipo linapoonekana kosa la hesabu ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Kwa kuwa ekari ina karibu kilo milioni moja za udongo, miligramu moja kwa kilo ni sawa na kilo moja kwa ekari. Mtu hudhani kwamba akiwa na namba saba, akiweka mfuko wa DAP wenye kilo 10, atapata 17. Katika udongo unaokamata, sehemu kubwa ya zile 10 hufungwa, na kipimo kinachofuata kinaweza kupanda kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo sababu mbolea ya fosfeti hushauriwa iwekwe kwenye shimo au mfereji karibu na mbegu badala ya kumwagwa shamba zima: haisafiri zaidi ya milimita chache kutoka ilipowekwa.

Buluu isiyo ya fosfeti

Ujirani na machimbo ya dhahabu unaleta jambo jingine, ambalo ni nadra kuelezwa kwa wakulima. Miamba ya dhahabu mara nyingi huambatana na arseniki. Utafiti wa Almås na Manoko uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza arseniki na metali nzito katika udongo, matope na maji kuzunguka migodi ya Geita na North Mara.

Kikemia, arseniki katika umbo la aseneti ni pacha wa fosfeti. Mmea huweza kuinywa kupitia mlango ule ule. Na katika chupa ya maabara, aseneti nayo hutoa rangi ya buluu pamoja na molibdeti. Sampuli yenye arseniki nyingi inaweza kuonekana kuwa na fosfeti kuliko iliyonayo. Dawa ipo: kuongeza kemikali inayoibadilisha aseneti kabla ya kutia rangi, ili isishiriki. Lakini fundi wa maabara hatafanya hivyo asipoambiwa udongo umetoka wapi. Mtu anayepeleka sampuli kutoka karibu na machimbo, ya mgodi mkubwa au ya wachimbaji wadogo, hana budi kuliandika jambo hilo kwenye mfuko.

Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kutoa namba. Mwaka 2021 ilitolewa ramani ya udongo ya Afrika iitwayo iSDAsoil, inayokadiria viwango, fosforasi ikiwa mojawapo, kwa kila kipande cha mita 30 kwa 30. Ni kazi kubwa na yenye manufaa kwa mipango ya mkoa au wilaya. Lakini makadirio hayo hayajui zizi lilikuwa wapi, wala ni ekari ipi iliyowekwa Minjingu.

Usahihi wenyewe huanzia shambani, kabla ya maabara. Udongo wa gramu chache tu ndio huingia kwenye chupa, ukiiwakilisha ekari ya kilo milioni moja. Kwa hiyo huchukuliwa kutoka sehemu 15 hadi 20 kwa kupita kwa mtindo wa zigizaga, ukachanganywa, ukaanikwa kivulini. Mahame, kichuguu, jalala la majivu na njia ya ng'ombe huepukwa, na kama ni muhimu hupimwa peke yake. Mwekundu wa mlimani hauchanganywi na mweusi wa mbugani.

Mwenye kupokea majibu naye awe macho na lugha ya mifuko. Maabara huandika fosforasi yenyewe, wakati mfuko wa mbolea huandika asilimia ya oksidi yake. Ile 46 iliyoandikwa kwenye DAP ni ya oksidi, na fosforasi halisi ni kama asilimia 20 tu ya uzito. Atakayechanganya lugha hizo mbili atakosea kwa zaidi ya mara mbili.

Na pale karatasi inapotia shaka, kuna kipimo ambacho hakihitaji nauli ya kwenda Mwanza wala Morogoro. Mistari minne ya mahindi hupandwa bila mbolea ya fosfeti, minne ikawekwa, huku yote ikipewa naitrojeni sawasawa ili isiwe ndiyo inayoleta tofauti. Mavuno ya kila upande hupimwa kwa mizani ile ile, na matokeo huandikwa pamoja na namba ya maabara ya shamba hilo, kwa sababu kipande kama hicho katika vitongoji vichache vya Kemambo ndicho kitakachoonyesha kama mpaka wa miligramu saba unafaa pia kwa udongo wa huko.